Ofa, pendekezo na mwaliko: tangazo la bei humfunga nani?

Katika Kiswahili cha kila siku, dukani na redioni, neno "ofa" humaanisha nafuu: bei iliyopunguzwa, kitu cha ziada kinachotolewa bure, au kinywaji ambacho mtu amemlipia mwenzake. Katika sheria ya mikataba neno hilohilo lina maana nyembamba zaidi: kauli ya mtu aliye tayari kufungwa na masharti aliyoyataja, ambayo mwenzake akiikubali tu, mkataba umekwisha kuzaliwa. Kutokana na tofauti hiyo, bango lenye maandishi makubwa ya "OFA! OFA!" kwa kawaida si ofa mbele ya sheria, ilhali barua ya mistari miwili isiyolitaja neno hilo hata mara moja yaweza kuwa ofa kamili.

Makala haya yanaeleza maana za neno hili, istilahi zinazoshindana nalo, na kanuni ambazo mahakama hutumia kuamua iwapo tangazo au bei iliyotajwa inamfunga aliyeitoa. Suala hili lina uzito wa pekee nchini Tanzania, ambako marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Maneno yanayochaguliwa leo na wafasiri ndiyo yatakayosomwa kesho na mahakimu.

Maana za neno "ofa"

1. Punguzo au nyongeza ya kibiashara. Mfano: Ukinunua mifuko kumi ya saruji, ofa yake ni mfuko mmoja.

2. Ukarimu wa kumlipia mtu. Mfano: Agizeni mnachotaka, leo chai ni ofa yangu.

3. Nafasi ambayo mtu amepewa na inangoja jibu lake. Mfano: Amepata ofa ya kazi Mombasa, lakini bado hajaamua.

4. (Tanzania, masuala ya ardhi) Barua ambayo mamlaka humpa mwombaji wa kiwanja kabla ya kupewa hati. Katika maandishi rasmi huitwa pia "barua ya toleo". Mfano: Kiwanja kina ofa, hati bado.

5. (Sheria) Kauli ya kuwa tayari kutenda au kutotenda jambo, inayotolewa kwa kusudi la kupata ridhaa ya mwingine.

Maana ya tatu na ya nne ziko karibu na ya tano, kwa kuwa katika zote kuna mtu anayejulikana ambaye jibu lake linangojwa. Maana ya kwanza na ya pili ziko mbali nayo. Anayetangaza punguzo hangoji ridhaa ya mtu mmoja. Anawavuta wengi wafike dukani. Msomaji akibeba maana ya kwanza na kuiingiza katika hati ya kisheria, atadhani kwamba kila bei iliyotangazwa ni ahadi.

Istilahi: pendekezo, ofa, ijabu

Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, ilitungwa kwa kufuata Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872. Kifungu chake cha 2 hakitumii neno la Kiingereza ambalo "ofa" imetoholewa kwalo. Kinatumia neno ambalo kwa Kiswahili ni "pendekezo": mtu akimdhihirishia mwingine utayari wake wa kutenda au kutotenda jambo, kwa nia ya kupata ridhaa ya huyo mwingine, huhesabiwa kuwa ametoa pendekezo; pendekezo likikubaliwa, linageuka kuwa ahadi. Kwa hiyo katika tafsiri ya sheria hiyo, "pendekezo" ni istilahi yenye uaminifu zaidi kwa matini asilia. Udhaifu wake ni kwamba nalo lina maana pana nje ya sheria. Mapendekezo ya kamati ni ushauri tu. Kamati haifungwi nayo.

Nchini Kenya, Sheria ya Mikataba, Sura ya 23, ilirejesha kanuni za kawaida za Uingereza kuanzia tarehe 1 Januari 1961, na maandishi ya Kiswahili yanayoegemea kanuni hizo mara nyingi husema "ofa" au "toleo". Sheria ya Mikataba ya Uganda ya mwaka 2010 inatumia istilahi inayolingana na "ofa", ingawa fasili yake inakaribiana sana na ile ya pendekezo katika sheria ya Tanzania.

Kuna pia "ijabu", neno lenye asili ya Kiarabu ambalo Waswahili Waislamu wamelizoea kupitia fikihi, hususan katika ndoa, kwa pamoja na jozi yake "kabuli". Ijabu ni kauli inayotangulia na kabuli ni kauli inayoikubali. Jozi hii inaonyesha kwamba dhana yenyewe si ngeni kwa Kiswahili: wasemaji wake walijua zamani kwamba akdi husimama juu ya kauli mbili zinazolingana. Hata hivyo, katika matini ya sheria ya kiserikali istilahi hii itamfanya msomaji afikirie sheria ya Kiislamu, na haifai kutumiwa pasipo sababu hiyo.

Makala haya yanatumia "pendekezo" kwa dhana ya kisheria, na yanaacha "ofa" ibaki na maana yake ya sokoni.

Mwaliko wa nini?

Kinyume cha pendekezo ni kauli inayowaita watu waje kuzungumza biashara bila ya msemaji kujifunga. Wafasiri wengine huita kauli hiyo "mwaliko wa kujadiliana". Istilahi hii inaeleweka, lakini inapotosha kidogo, kwa kuwa inadokeza kwamba lazima kuwe na mjadala wa bei. Katika duka la kujihudumia hakuna anayejadili bei, na bado kanuni ni ileile. Istilahi iliyo sahihi zaidi ni "mwaliko wa kutoa pendekezo", kwa sababu inataja jambo lenyewe: mwenye duka anamwalika mteja awe yeye ndiye wa kwanza kutoa kauli inayofunga.

Kiswahili tayari kina mfano mzuri wa muundo huo. "Mwaliko wa zabuni" si zabuni. Zabuni hutolewa na anayejibu mwaliko. Neno la mtaani "tenda" halina usahihi huo, kwani hutumiwa kwa mwaliko ("wametangaza tenda"), kwa kauli ya mwombaji ("tumepeleka tenda") na kwa mkataba wenyewe ("ameshinda tenda"). Mfasiri wa hati za ununuzi anashauriwa kushika "zabuni" na "mwaliko wa zabuni".

Kanuni ya msingi na sababu yake

Kwa kanuni za Uingereza, ambazo pia huzingatiwa na mahakama za Afrika Mashariki, matangazo ya bidhaa, orodha za bei na bidhaa zilizopangwa dukani huchukuliwa kwanza kuwa ni mwaliko. Sababu inayotajwa sana ilielezwa na Lord Herschell katika kesi ya Grainger dhidi ya Gough ya mwaka 1896, iliyohusu orodha ya bei za mvinyo. Kama orodha ingekuwa pendekezo, basi kila aliyeipokea na kuagiza angekuwa amefunga mkataba, na mfanyabiashara angedaiwa shehena asiyokuwa nayo ghalani. Mali ina kikomo, na wasomaji wa tangazo hawana kikomo.

Kesi tatu zinaonyesha kanuni hiyo ikifanya kazi.

Rafu. Katika kesi ya chama cha wafamasia wa Uingereza dhidi ya Boots Cash Chemists, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1953, duka la dawa la Edgware lilikuwa limeanzisha utaratibu wa mteja kujichukulia bidhaa rafuni. Sheria ilitaka dawa fulani ziuzwe chini ya usimamizi wa mfamasia aliyesajiliwa, na mfamasia huyo alikuwa karibu na mahali pa kulipia. Swali likawa: mauzo hufanyika wapi, rafuni au penye malipo? Mahakama iliamua kwamba bidhaa iliyo rafuni ni mwaliko. Mteja ndiye anayetoa pendekezo anapoipeleka penye malipo, na duka hulikubali hapo.

Dirisha. Katika kesi ya Fisher dhidi ya Bell ya mwaka 1961, mwenye duka mjini Bristol aliweka dirishani kisu cha kufyatuka chenye kibandiko cha bei ya shilingi 4. Alishitakiwa kwa sheria iliyokataza kutoa pendekezo la kuuza visu vya aina hiyo. Aliachiwa huru, kwa kuwa kwa maana ya kisheria kuweka kitu dirishani si kupendekeza kukiuza. Mwaka huohuo Bunge lilirekebisha sheria na kuongeza maneno yanayogusa kuonyesha kitu hicho kwa ajili ya mauzo na kuwa nacho kwa kusudi hilo.

Gazeti. Katika kesi ya Partridge dhidi ya Crittenden ya mwaka 1968, mtu alitangaza katika jarida la wafugaji ndege kwamba ana ndege aina ya bramblefinch, majike na madume, kwa shilingi 25 kila mmoja. Alishitakiwa kwa kupendekeza kuuza ndege waliolindwa na sheria. Hatia aliyokuwa amepewa ilifutwa katika rufaa. Tangazo lake lilikuwa mwaliko, na kosa aliloshitakiwa nalo lilihitaji pendekezo.

Kesi hizi mbili za mwisho zina funzo kwa mwandishi wa sheria. Katika zote mbili mshitakiwa aliokolewa na neno moja. Mfasiri anayetafsiri sheria ya jinai inayokataza "kutoa pendekezo la kuuza" hana budi kuliacha neno hilo na upana wake uleule. Akiandika "kuuza" amelipunguza, na akiandika "kutangaza" amelipanua kuliko Bunge lilivyokusudia.

Kutaja bei

Mtu anayeulizwa bei na kujibu hajawa, kwa kujibu tu, ametoa pendekezo. Kesi inayofundishwa zaidi ni Harvey dhidi ya Facey ya mwaka 1893, iliyotoka Jamaica na kuamuliwa na Baraza la Malkia mjini London. Wanunuzi walituma simu ya maandishi wakiuliza mambo mawili: iwapo wenye shamba la Bumper Hall Pen watawauzia, na bei yao ya chini kabisa ni ipi. Jibu lilitaja bei tu: pauni 900. Wanunuzi wakajibu kwamba wamekubali kununua. Baraza liliamua kwamba hapakuwa na mkataba. Swali la pili lilijibiwa. La kwanza halikujibiwa.

Mahakama Kuu ya Upeo ya India ilifuata njia hiyo katika kesi ya McPherson dhidi ya Appanna ya mwaka 1951. Mwenye nyumba alikuwa amesema hatapokea chini ya rupia 10,000. Kauli hiyo haikuhesabiwa kuwa ni pendekezo la kuuza kwa bei hiyo. Maana yake ilikuwa kwamba pendekezo lolote lililo chini ya hapo lisingefika mbali. Uamuzi huu unawahusu kwa karibu wasomaji wa sheria ya Tanzania kwa sababu sheria hizo mbili zina shina moja. Unasaidia pia kufasiri maneno "bei haipungui" katika matangazo: yanamweleza mnunuzi ni pendekezo gani litakataliwa, lakini hayasemi kwamba la bei hiyo litakubaliwa.

Mambo hubadilika pale mazungumzo yanapokuwa yamesonga mbele. Katika kesi ya Bigg dhidi ya Boyd Gibbins ya mwaka 1971, wenye mali walikwisha kupelekewa bei ya pauni 20,000. Wakajibu kwamba ili mauzo yafanyike haraka wangepokea pauni 26,000. Barua hiyo ilihesabiwa kuwa ni pendekezo, na wanunuzi walipoandika kwamba wamekubali, mkataba ulifungwa. Kiasi kilichotajwa si kilichotofautisha kesi hii na ile ya Jamaica. Hapa msemaji alieleza atafanya nini, na alimweleza mtu ambaye tayari walikuwa mezani pamoja.

Kwa upande mwingine, katika kesi ya Gibson dhidi ya Halmashauri ya Jiji la Manchester, iliyofika Baraza la Malodi mwaka 1979, mhazini wa jiji alimwandikia mpangaji kwamba huenda halmashauri ikawa tayari kumuuzia nyumba kwa pauni 2,180. Neno "huenda" lilitosha kuigeuza barua kuwa hatua ya mazungumzo. Mpangaji hakupata nyumba kwa barua hiyo.

Kanuni hizi zaonekana hata katika mazungumzo mafupi ya sokoni:

– Kanga hii bei gani?
– Elfu kumi na mbili.
– Nikupe kumi.
– Lete kumi na moja.
– Haya.

Mahali ambapo kupatana bei ni desturi, "elfu kumi na mbili" ni jibu la swali na mlango wa mazungumzo. "Nikupe kumi" ni pendekezo la kwanza, nalo limewekwa katika dhamira tegemezi, inayoomba ridhaa. "Lete kumi na moja" ni pendekezo jipya linaloliua lile lililotangulia. Kanuni hii ilithibitishwa katika kesi ya Hyde dhidi ya Wrench ya mwaka 1840. "Haya" ni ukubali. Muuzaji akibadili nia baada ya "haya", amevunja mkataba. Akibadili nia baada ya "elfu kumi na mbili", hajavunja chochote.

Karatasi ya bei ambayo fundi au msambazaji humpa mteja, iitwayo "profoma", "kotesheni" au "ankara kifani", hupimwa kwa mizani hiyohiyo. Ikiwa imeandikwa kwa jina la mteja, ikataja kazi au bidhaa, kiasi, bei na siku ambazo bei hiyo itasimama, ina sifa zote za pendekezo. Ikisema kwamba bei ni ya makadirio au yaweza kubadilika bila ya taarifa, imejitoa yenyewe katika daraja hilo.

Tangazo linapofunga

Kanuni ya mwaliko si sheria isiyo na mwanya. Kesi maarufu kuliko zote ni ile ya Carlill dhidi ya Carbolic Smoke Ball Company, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani ya Uingereza Desemba 1892. Kampuni ilitangaza kwamba itamlipa pauni 100 yeyote atakayeugua mafua makali baada ya kutumia kifaa chake mara tatu kwa siku kwa majuma mawili, na kwamba imeweka pauni 1,000 benki kuonyesha kwamba haifanyi mzaha. Bibi Carlill alikitumia kama ilivyoelekezwa, akaugua, akadai, akashinda. Tangazo lilikuwa ahadi kwa ulimwengu mzima, na aliyetimiza sharti lake ndiye aliyelikubali. Fedha zilizowekwa benki zilifuta hoja ya kwamba maneno yalikuwa chuku za kibiashara.

Kesi ya Lefkowitz dhidi ya Great Minneapolis Surplus Store, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya jimbo la Minnesota, Marekani, mwaka 1957, inaonyesha mpaka wenyewe ulipo. Duka lilitoa matangazo mawili. La kwanza lilitaja makoti matatu ya manyoya yenye thamani ya hadi dola 100, kila moja kwa dola 1. La pili lilitaja, pamoja na vitu vingine, mtandio mmoja mweusi wa manyoya wenye thamani ya dola 139.50, kwa dola 1. Yote mawili yalisema kwamba atakayewahi ndiye atakayepata. Lefkowitz aliwahi mara zote mbili, akakataliwa kwa madai kwamba kwa kanuni ya duka bei hizo zilikuwa za wanawake tu. Kwa tangazo la pili alipewa fidia ya dola 138.50, kwa kuwa kitu, idadi, bei na njia ya kumpata mshindi vilikuwa wazi na hapakubaki jambo la kujadili. Duka halikuweza kuongeza sharti ambalo halikuchapishwa. Kwa tangazo la kwanza hakupata kitu, kwa sababu "thamani ya hadi dola 100" haisemi thamani ni ngapi.

Katika mnada, tangazo la mnada na wito wa dalali ni mwaliko; anayetaja bei ndiye anayetoa pendekezo, na nyundo ikigongwa pendekezo limekubaliwa. Kabla ya hapo aliyetaja bei anaweza kuiondoa. Kanuni hiyo ya kesi ya Payne dhidi ya Cave ya mwaka 1789 imeingizwa katika sheria za mauzo ya bidhaa za Kenya na Tanzania.

Viashiria vya lugha

Hakuna neno moja linaloamua. Mahakama huuliza msomaji wa kawaida mwenye busara angeielewaje kauli nzima katika mazingira yake. Hata hivyo, sarufi ya Kiswahili ina alama ambazo msomaji makini anaweza kuzitazama.

Kauli ya kutendwa: "Shamba linauzwa, ekari tatu." Hakuna muuzaji anayetajwa wala mtu anayeambiwa. Ni taarifa, na aghalabu ni mwaliko. Ikiongezwa "bei maelewano", mwaliko umetamkwa waziwazi.

Kauli ya kutendea: "Nauza pikipiki" inaeleza shughuli ya msemaji. "Nakuuzia pikipiki hii kwa milioni mbili" ina msemaji, mlengwa, kitu mahususi na bei. Kiambishi cha mtendewa pamoja na kinyambuo cha kutendea huifanya kauli ielekee pendekezo.

Kirejeshi cha wakati ujao: "Atakayeirudisha pochi hii atapewa shilingi 50,000." Huu ndio muundo wa tangazo la Carlill: sharti upande mmoja, ahadi upande wa pili, na yeyote awaye katikati. Linganisha na "zawadi nono itatolewa". Neno "nono" halipimiki, nayo ahadi isiyopimika ni dhaifu.

"Hadi": "Punguzo la hadi asilimia 50" linataja dari, halitaji kiasi. Ni udhaifu uleule wa tangazo la kwanza la Lefkowitz.

"Vigezo na masharti kuzingatiwa": Kitenzijina kisicho na mtenda, kinachorejelea masharti ambayo msomaji hajayaona. Maneno haya huirudisha kauli nyuma kuelekea mwaliko.

Tahadhari kwa wafasiri

Hali ya masharti. Katika barua ya Bigg, adabu ya Kiingereza ilitumia umbo ambalo wanafunzi wengi hulitafsiri kwa "-nge-". Kwa Kiswahili "ningepokea" mara nyingi husikika kama jambo lisilotarajiwa kutukia, na msomaji ataona nia ya kujifunga imefifia. Tafsiri inayobeba nguvu ya barua ni "niko tayari kupokea" au "nitapokea". Katika barua ya Gibson, kinyume chake, kuandika "halmashauri iko tayari kuuza" kungempa mpangaji ushindi ambao mahakama ilimnyima. "Huenda" halipaswi kudondoka.

"Ofa" katika hati moja na maana mbili. Hati ya utangazaji inaweza kusema kwamba ofa ya sikukuu si ofa kwa maana ya sheria. Sentensi hiyo ni kweli, lakini haisomeki. Afadhali: "Punguzo la sikukuu lililotangazwa hapa ni mwaliko wa kutoa pendekezo, wala si pendekezo."

Kanuni kupewa upana usio wake. Uswisi, katika kifungu cha 7 cha Sheria yake ya Wajibu, hutofautisha: kutuma orodha ya bei si pendekezo, lakini kuonyesha bidhaa pamoja na bei yake kwa kawaida ni pendekezo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1980 kuhusu mauzo ya bidhaa ya kimataifa, ambao Uganda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zimejiunga nao, unasema katika kifungu cha 14 kwamba kauli isiyolenga watu mahususi ni mwaliko tu, isipokuwa aliyeitoa ameonyesha waziwazi vinginevyo. Mfasiri hana budi kujua kwanza matini yake ni ya mfumo upi.

Kudhani kwamba mwaliko hauna dhima. Tangazo lisilo pendekezo haliruhusiwi kuwa la uongo. Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya mwaka 2003 na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya Kenya ya mwaka 2012 zinakataza kauli za kupotosha katika biashara. Mteja aliyevutwa na bei isiyokuwepo huenda asiweze kudai bidhaa kwa mkataba, na bado akawa na malalamiko halali kwa njia nyingine.

Kwa muhtasari

Ofa: tumia kwa punguzo, nyongeza, na nafasi ya kazi au masomo; katika matini ya kisheria itumie tu pale ambapo sheria husika au desturi ya nchi inalitaka neno hilo, na uifasili mara ya kwanza inapotokea.

Pendekezo: kauli inayosubiri ukubali tu ili mkataba uzaliwe.

Mwaliko wa kutoa pendekezo: tangazo, rafu, dirisha, orodha ya bei, wito wa dalali.

Zabuni: pendekezo la anayejibu mwaliko wa zabuni.

Penye shaka, swali la kujiuliza ni hili: je, aliyesikia kauli hii akijibu "nimekubali" na kunyamaza, limebaki jambo ambalo msemaji bado ana haki ya kuliamua? Likibaki, kauli ni mwaliko. Lisipobaki, ni pendekezo, hata kama aliyeitoa hakujua jina lake.